Mkuu wa Jela Asiye na Jela

Katika Kaunti ya Pell, milimani Kentucky, watu husoma orodha ya jela kabla ya kusoma Biblia. Kahawa ya kwanza ikishamiminwa, Bi Opal Hensley, mwenye mgahawa, huvaa miwani, huegemeza simu yake kwenye kopo la sukari, na kuwasomea wateja majina ya waliolala ndani usiku uliopita. Picha ipo, kosa lipo, saa ipo. Hakuna anayekasirika. Anayesomwa leo, kesho kutwa yuko pale pale kaunta, anakula mayai na kumcheka mwenzake.

Asubuhi hiyo Verna Stidham alikuwa ameketi karibu na jiko, mbele ya sahani ya biskuti laini kama mkate na mchuzi mweupe. Verna ni mpelelezi wa ofisi ya wakili wa wasiojiweza. Zamani alikuwa mpokea simu wa polisi, na kazi hiyo ilimfundisha kusikiliza huku anatafuna.

"Haya, tulieni," alisema Bi Opal. "Dewey Spurlock. Ulevi hadharani."

"Hadharani wapi?"

"Barabara kuu, juu ya mashine ya kukatia majani."

"Kapanda cheo! Mwaka jana alikuwa kwa miguu."

Wakacheka. Bi Opal akasogeza kidole. "Crystal Noe. Kampiga mume kwa samaki aliyeganda."

"Samaki gani?"

"Hawakuandika."

"Basi hiyo si taarifa, Opal! Mtu atajuaje kama aliumia?"

Verna alisubiri kicheko kiishe, akapangusa mdomo. "Bi Opal, mbona Lonzo Gabbard humsomi?"

Kahawa aliyokuwa akimimina Bi Opal ilijaa kikombe, ikajaa kisahani, ikaanza kutembea juu ya kaunta.

"Wa wiki iliyopita huyo," alisema, akitafuta kitambaa. "Mimi nasoma wapya."

"Shtaka lake ni jipya. Wameliongeza jana. Liko chini ya picha yake."

"Basi miwani yangu imeingia ukungu, binti."

Wazee wawili waliokaa dirishani walikumbuka ghafla kwamba wana shughuli. Mmoja wao, fundi seremala aitwaye Hobart, aliacha yai zima kwenye sahani. Hobart hajawahi kuacha yai.

Verna alilipa, akatoka, akaketi ndani ya gari lake bila kuliwasha. Wazo la kwanza lilikuwa jepesi: mwendesha mashtaka wa kaunti, Clay Hensley, ni mtoto wa Bi Opal, na mama hapendi kutia mdomo katika kesi ya mwanawe. Lakini Dewey naye ni kesi ya Clay. Crystal na samaki wake pia. Na Bi Opal alishamsoma hata binamu wa Clay mwenyewe, kwa sauti ya juu, akaongeza na chumvi. Wazo hilo halikusimama.

Akafungua simu yake na kuutazama ule ukurasa ambako watu wa Pell huandika maneno chini ya kila picha. Chini ya Dewey palikuwa na utani wa kujaza gunia. Chini ya Lonzo hapakuwa na neno hata moja, tangu siku alipowekwa. Mtu mmoja akinyamaza, ana lake. Kaunti nzima ikinyamaza, ni lao wote.

Na muda ulikuwa haupo. Kesho yake saa tatu asubuhi Lonzo Gabbard, kijana wa miaka ishirini na sita, fundi wa kuezeka mapaa, angesimama mbele ya Jaji Sizemore na kukiri kuvunja duka la dawa. Kwa kukiri atapata miaka mitano badala ya kumi. Wakili wake alimsihi asubiri, naye alijibu kwamba amechoka, leteni karatasi nisaini. Wakili akampigia Verna: una siku moja.

Kesi yenyewe ilikuwa fupi. Usiku wa Ijumaa ya wiki iliyopita mwizi alivunja mlango wa nyuma wa duka la dawa, akaondoka na vidonge vya maumivu. Kamera ilimwona mtu aliyejifunika kichwa, na nyuma yake pikapu nyekundu ya Lonzo, imesimama pale usiku kucha. Kumbukumbu za jela zilisema Lonzo alikamatwa Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, hapo hapo nyuma ya duka, kwa hati ya zamani ya kukosa kufika mahakamani. Alipoulizwa usiku alikuwa wapi, alisema amelala kwake. Jirani akasema taa hazikuwaka na mbwa alilia njaa mpaka kukakucha. Uongo ule ulimfunga kuliko kamera.

Aliyemkamata, kwa mujibu wa kumbukumbu, ni Estill Napier, mkuu wa jela wa Pell.

Pell haina jela. Ilikuwa nayo, nyuma ya hapo lilipo duka la dawa leo, mpaka paa lilipoporomoka na kaunti ikaona afadhali ibomolewe kuliko kuezekwa. Ila sheria inasema kila kaunti imchague mkuu wa jela, na watu wa Pell humchagua Estill kila uchaguzi unapofika. Hana funguo, hana mlango wa chuma. Ana gari moja jeupe la kubebea mahabusu, ambalo watoto huliita karandinga la babu, na kazi yake ni kuwavusha watu mlima hadi jela ya kaunti jirani, Dunmore, mwendo wa saa nzima wenye kona nyingi. Watu humpigia simu wenyewe: "Estill, nasikia natafutwa. Nikimaliza kukama ng'ombe njoo unichukue." Naye huja.

Verna akawasha gari na kuelekea Dunmore.

*

Kwenye dirisha la mapokezi ya jela ya Dunmore alikaa Garnet, mwanamke mwembamba mwenye sweta mabegani, ambaye ndiye huwapiga picha wanaoingia na kuandika vitu walivyo navyo.

"Verna! Mjukuu hajambo?"

"Hajambo, ana mapafu ya mpiga mnada. Nilikaa naye Louisville siku tisa, masikio bado yanalia. Garnet, nataka kuiona picha ya Lonzo Gabbard kubwa, si kama kwenye simu."

Garnet akaigeuza skrini. Verna akasogea mpaka pumzi yake ikagusa kioo.

Nywele zilikuwa zimechanwa kwa maji, zimelala. Macho yamevimba. Shati jeupe, limefungwa kifungo cha juu kabisa, na ukosi wake ulikuwa mpana hivi kwamba shingo ya kijana ilisimama katikati kama mchi ndani ya kinu.

"Shati hili si lake," alisema Verna.

"Alikuwa amelichomekea vizuri. Nimepiga picha wengi, Verna, wengine wananitemea. Huyu ndiye pekee aliyewahi kuniuliza kama tai yake imenyooka."

"Tai?"

"Tai nyeusi. Nilimvua, ndiyo kanuni." Garnet akafungua orodha ya vitu. "Tai moja. Ua moja jeupe la kubandika kifuani, limenyauka. Keki, kipande kimoja, ndani ya karatasi ya kung'aa."

"Umeandika keki?"

"Kila kinachoingia kinaandikwa. Ona, hapa nimekipiga mstari kukifuta. Aliniomba akile kabla sijakitupa. Ile keki ya tabaka, yenye tufaha zilizokaushwa. Alikula amesimama, machozi yanamtoka, hakuacha hata chembe."

"Na Estill alisemaje?"

"Alisema, 'Mpe nafasi amalize, Garnet.' Basi nikampa. Estill akisema, utafanyaje?"

Verna alinyoosha mgongo. Mwizi wa vidonge, aliyekesha akivunja milango, anakamatwa alfajiri na tai nyeusi, ua kifuani na keki ya tufaha mfukoni. Keki ile watu wa milimani hawaioki ovyo. Huokwa kwa harusi, au huokwa kwa msiba, na kwa harusi mtu havai tai nyeusi.

"Garnet, wiki iliyopita alikufa nani huko kwetu?"

Garnet akamtazama kama mtu anayeulizwa jua linachomoza wapi. "Si Bibi Ocie Gabbard wa Caney Fork? Ijumaa mchana. Walimzika Jumapili. Wewe hukuwepo?"

"Nilikuwa Louisville," alisema Verna polepole, "namwogesha mtoto."

*

Lonzo aliletwa upande wa pili wa kioo, amevaa sare ya rangi ya chungwa. Akainua mkono wa simu, na Verna wake.

"Shikamoo, Mama Verna. Pole na safari."

"Marahaba. Pole na msiba, mwanangu."

Lonzo akainamisha kichwa. "Asante."

"Bibi Ocie ndiye aliyekulea."

"Tangu nikiwa na meno mawili."

"Ijumaa usiku alilazwa sebuleni kwake, watu wakakesha naye. Na wewe ukaenda zako kulala?"

"Nililala, mama."

"Na shati?"

"Shati gani?"

"La kwenye picha."

"Langu lile."

"Lonzo. Shati lile mngeingia wewe, na mimi, na mbwa wako."

Pembe ya mdomo wake ilicheza, akaizuia. Verna akaendelea kwa sauti ya chini. "Ulikuwa msibani. Caney Fork nzima ilikuona. Kwa nini usiseme hivyo? Neno moja tu, na kesho unakwenda nyumbani."

"Si neno moja, mama. Wale ni watu wa kanisa. Wakishika Biblia hawadanganyi, hata kwa ajili yangu. Na swali la kwanza la Clay litakuwa: gari lako lilikuwa mjini, wewe ulikuwa Caney Fork, maili ishirini, nani alikupel..."

Akaziba mdomo kwa kiganja.

"Nani alikupeleka?" aliuliza Verna.

"Niliota tu."

"Ndoto ya mtu mnene? Mwenye shingo nene?"

Lonzo akaning'iniza simu. Akayatazama magoti yake. Kisha akaiinua tena.

"Miaka mitano si mingi. Nitatoka bado nina nywele. Mwache, Mama Verna."

"Nimwache nani?"

"Hakuna mtu," alisema Lonzo, naye akamwita askari amrudishe.

*

Nyumba ya Estill Napier iko juu kidogo ya kijito, na mbele yake gari jeupe lilikuwa limeoshwa mpaka linang'aa. Mwenyewe alikaa barazani kwenye kiti cha bembea kilicholalamika chini yake, na beseni la maharage mabichi mapajani, akiyachuna nyuzi. Ni mtu mkubwa. Shingo yake na kichwa chake ni upana mmoja. Ndani, mkewe Icie alikuwa amewasha redio ya nyimbo za kanisa, sauti ndogo.

"Karibu, Verna. Vuta kiti. Utakunywa chai ya barafu?"

"Baadaye. Estill, shati lako la kanisani liko wapi?"

Vidole vikasimama. "Limekwenda kwa dobi."

"Pell ina dobi?"

"Haina," alikiri Estill, akarudi kwenye maharage.

Verna alivuta kiti. Alichukua maharage kiganja kimoja akaanza kuchuna naye. Mpokea simu mzuri anajua kwamba mtu akinyamaza simu haijakatika, subiri.

"Alinipigia Ijumaa baada ya chakula cha mchana," alisema Estill mwishowe. "Kwamba amesikia kuna hati, nije nimchukue, asije akakamatwa barabarani mbele ya wateja wake. Tukakutana nyuma ya duka la dawa, pale ilipokuwa jela. Mimi huwachukulia watu pale siku zote, ni mazoea tu. Akafunga gari lake, akanyoosha mikono mwenyewe nimtie pingu. Hata hatujatoka mjini, simu ikalia. Shangazi yake. Bibi Ocie amekwenda."

"Mkaendelea."

"Tukaendelea mpaka njia panda. Kulia Dunmore, kushoto Caney Fork. Hakuniomba, Verna. Laiti angeniomba ningemkatalia, nimezoea kukataa. Alikaa nyuma kimya, anatazama upande wa kushoto."

"Ukakata kushoto."

"Gari lilikata."

"Na pingu?"

"Nilimvua mlangoni. Bibi Ocie alinifundisha shule ya Jumapili, alinipiga kofi mimi nikiwa na miaka saba kwa kula sadaka. Ningemwingiza mjukuu wake na minyororo mbele ya maiti yake? Nikamvalisha shati langu na tai, nilivyokuwa navyo garini kwa ajili ya mazishi mengine. Alikaa kwenye kiti upande wa kichwa, hakuondoka mpaka kukapambazuka. Akienda chooni nasimama mlangoni. Hajawahi kutokea mahabusu aliyelindwa vizuri kama yule."

"Halafu ukaandika kwamba umemkamata saa kumi na mbili asubuhi."

"Karatasi ina nafasi ya kosa, na ya jina, na ya saa. Haina nafasi ya msiba."

Verna akatupa nyuzi kwenye bakuli. "Jumatatu ulipojua wanataka kumtia kwenye wizi, kwa nini hukusema?"

Estill akageuza kichwa kuelekea mlangoni, redioni. Akashusha sauti. "Nilikwenda kumwambia nitasema. Akanishika mkono. Akasema, Estill, ukisema utafukuzwa, na bima ya Icie inakwenda na kazi. Wewe unajua mafigo ya Icie yanavyosafishwa, mara ngapi kwa wiki. Akanitaka niahidi sitasema. Nikaenda kanisani, nikakuta wote wameshaahidiana bila kuitisha mkutano. Hobart akaniambia, sisi hatukuona kitu."

"Nawe ukakubali."

"Nakubali kila usiku. Asubuhi nikiamka nimekataa. Halafu inakuwa usiku tena."

"Kesho atasaini, Estill. Miaka mitano."

"Najua."

"Naweza kukupelekea hati ya kukuita shahidi leo hii."

"Najua."

"Sitaki."

"Hilo nalo nalijua, Verna." Estill alikuwa sasa anatupa maharage sakafuni na kuweka nyuzi kwenye beseni, na hakuona. "Kesho mimi ndiye wa kumleta. Kutoka Dunmore mpaka mahakamani. Ni kazi yangu."

Redio ndani ilikuwa imezimwa. Hawakujua imezimwa tangu lini. Icie alitokea mlangoni, mwembamba, na kitambaa cha jikoni begani, akatazama sakafu iliyojaa maharage.

"Estill," alisema, "sare yako ya kesho iko wapi?"

"Kwa nini?"

"Niipige pasi."

*

Saa tatu asubuhi mahakama ya Pell ilijaa, na kwa kesi ya mtu anayekiri hilo si jambo la kawaida. Bi Opal alikuwa amefunga mgahawa. Aproni bado ilikuwa kiunoni. Icie alikaa benchi la mwisho, mkoba magotini. Estill alimwingiza Lonzo akamketisha karibu na wakili, akarudi ukutani kusimama. Mkunjo wa mikono ya sare yake ungeweza kukata siagi.

Verna alikaa nyuma ya wakili. Hati ya kumwita shahidi ilikuwa ndani ya mkoba wake, imeshasainiwa. Alikuwa ameushikilia mkoba kwa mikono miwili.

Jaji Sizemore alisoma karatasi hadi mwisho, akainua macho. "Lonzo Gabbard, unakiri kosa hili kwa hiari yako, bila kushurutishwa na mtu?"

"Ndiyo, Mhesh..."

"Hapana," ilisema sauti kutoka ukutani.

Jaji akageuka. "Estill, wewe si wakili wake."

"Hapana, Mheshimiwa. Mimi ni mlinzi wake. Na usiku ule duka lilipovunjwa nilikuwa mlinzi wake vilevile."

"Usimsikilize, Mheshimiwa!" Lonzo aliruka. "Mzee huyu hajala tangu jana!"

"Kaa chini, Lonzo," alisema Estill kwa upole. "Nimekula."

Akaapishwa. Alisimulia yote kama alivyomsimulia Verna, njia panda, pingu, shati, kiti cha upande wa kichwa. Hakujitetea hata kwa neno moja. Alipomaliza, Clay Hensley alisimama. Ni kijana mwenye heshima na suti nzuri, na masikio yake yalikuwa mekundu.

"Bwana Napier, uliandika kwa mkono wako mwenyewe kwamba ulimkamata Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi. Ulidanganya wakati ule, au unadanganya sasa?"

"Wakati ule, bwana."

"Kwa hiyo tunalo neno la mtu aliyekwisha kudanganya. Kuna mwingine yeyote aliyemwona mshtakiwa usiku ule?"

Estill alitazama mabenchi, kisha akatazama viatu vyake. "Mimi nimekuja kujitaja mwenyewe, bwana. Siwezi kumtaja mtu mwingine."

"Hakuna, basi."

"Clay," alisema Bi Opal.

Clay akafumba macho. "Mama, tafadhali, kaa chini."

"Nimekaa chini wiki nzima. Niletewe hiyo Biblia. Usiku ule kijana huyu nilimpakulia kuku na matonge ya unga kwa mkono wangu, akala vijiko viwili akaweka chini. Nilimwambia kula mwanangu, akanirudishia sahani. Saa sita ya usiku alikuwepo, saa tisa alikuwepo, na jogoo alipowika alikuwa anaimba na sisi, kwa sauti mbaya kama ya babu yake."

"Mama, mimi nimeandaa kesi hii siku zote hizi. Tunakaa nyumba moja. Kwa nini hukuniambia?"

"Uliniuliza? Ijumaa ile ulirudi kula, ukafunua sufuria, ukakuta tupu, ukanuna mpaka Jumapili. Hukuuliza hata mara moja kuku amekwenda wapi."

Mahakama ilicheka, na Jaji aligonga meza bila nguvu. Hobart alikuwa amesimama, kofia mkononi. Mwanamke wa kwaya akasimama nyuma yake, kisha mchungaji, na watu wa Caney Fork wakaanza kusimama benchi kwa benchi, wanasubiri zamu ya kuapa.

Clay aliwatazama. Akamtazama mama yake. Akafunga jalada. "Mheshimiwa, upande wa mashtaka unaondoa shtaka la duka la dawa. Polisi waanze upya. Na naomba radhi kwa mshtakiwa. Pole kwa msiba wa bibi yako, Lonzo. Sikujua kuku alikuwa wake."

Verna akaachia mkoba. Vidole vilikuwa vimeacha alama kwenye ngozi.

Jaji Sizemore alifuta lile kosa dogo la kutofika mahakamani pia, akisema siku alizolala Dunmore zinatosha. Kisha akavua miwani.

"Estill, karatasi ya uongo ni karatasi ya uongo. Lazima niwaandikie wakubwa wa jimbo, Frankfort."

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Wanaweza kuichukua kazi."

"Ndiyo, Mheshimiwa. Mimi na Icie tumezungumza."

Jaji akatazama benchi la mwisho. Icie alitikisa kichwa, mara moja, ndiyo.

"Nitaandika nilichosikia chote," alisema Jaji, "na kuku nitamtia humo. Wakinijibu tutajua. Mpaka watakapojibu, wewe bado ni mkuu wa jela. Na kijana huyu lazima arudi Dunmore, avue hiyo sare, atie sahihi, achukue vitu vyake. Mwenye gari ni wewe."

"Ndiyo, Mheshimiwa." Estill hakuondoka. Alisimama akizungusha kofia yake ya kazi mikononi. "Mheshimiwa, Jumapili walipomzika Bibi Ocie, kijana alikuwa ndani. Hajaliona kaburi. Naomba kupita naye Caney Fork kwanza."

Jaji akairudisha miwani usoni.

"Safari hii nitaiandika," alisema Estill.

Jaji Sizemore aliitazama saa ya ukutani kwa muda, kama mtu anayehakikisha kwamba inakwenda.

"Andika saa ya kuondoka," alisema. "Ya kufika, acha nafasi wazi. Utaijaza mkifika."